Mlango wa Kijani wa Kalima

Amisi, mwanangu,

Najua utacheka ukifika kwenye neno hilo la pili. Umelicheka tangu ulipojua kuhesabu na kugundua kwamba mimi na wewe tumepishana miaka michache tu. Uliwaambia rafiki zako kwamba mama gani huyu, anakuzidi kimo kwa visigino vya viatu, na siku hizi hata visigino havinisaidii. Lakini kwetu dada ya mama ni mama, awe na mvi au awe bado anabeba madaftari. Dada yangu Asha alipotutoka baada ya kukuzaa, walinifunga kitambaa mgongoni, mimi niliyekuwa bado nalilia kubebwa, wakakuweka wewe ndani yake. Bibi anasema tulikuwa tukianguka pamoja uani, na kwamba kila mara nilianguka kifudifudi ili wewe ubaki juu. Mimi kuanguka sikukumbuki. Nakumbuka uzito wako.

Kesho unakwenda Kalima. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kufunga kifua ukiwa juu ya pikipiki Bibi amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho kando ya maji mkisubiri kuvuka mto kwenda Alunguli. Mjomba wako Salumu amekufundisha namna ya kusimama mbele ya tajiri. Sina la kuongeza hapo. Mimi nakuandikia juu ya resori, zile springi za milango ya garaji. Cheka sasa, halafu usome mpaka mwisho, kwa sababu sijawahi kuogopa kitu kama ninavyouogopa mlango ule unaokwenda kuufungua.

Naandika kwa kuwa kusema sijui. Mwalimu wetu wa Kifaransa alinifundisha mpaka mwisho wa shule, na siku walipobandika majina ya waliopata diploma akauliza Zaina ni nani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Na juzi, yule mtu wa Kalima alipokuja kutafuta fundi, nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya chai mikononi. Nilisikia yote. Chai ikapoa pale pale.

Wewe ulikuwa ndani, umekaa karibu na mjomba wako, kwa hiyo uliyoyasikia uliyasikia kama mtu anayepewa kazi. Mimi niliyasikia vingine. Yule mtu alisema tajiri wake amenunua depo la zamani la kampuni ya madini, wanataka kuweka mawe ya bati humo, magari lazima yaingie, na mlango unakataa.

"Mulango ya kijani," alisema, "ile iko pembeni ya ofisi ya zamani. Tangu vita haiyafunguka. Chini walichomelea chuma. Ile chuma tutakata siye wenyewe. Lakini juu kuko resori mbili, na watu wanaogopa. Wanasema fundi yake alikuwa muzee wa hapa Kindu."

Yaya Salumu, kaka yangu mkubwa, akamjibu kwamba mzee, yaani Babu, alikwisha kututoka tangu mvua zilizopita, lakini mkono wake umebaki nyumbani. Akakugusa bega. Yule mtu alikuangalia kuanzia vidole vya miguu, akauliza kama hujaanza kunyoa ndevu wiki hii. Wewe ukasema maneno ambayo tangu hapo hayajaniacha:

"Mulango njo mulango, baba. Inapanda, inashuka."

Wote wakacheka, hata Bibi. Nami nyuma ya pazia nilikuwa nimekwisha kuutambua mlango ule, kama mtu anavyotambua sauti ya mtu aliyedhani amekufa.

Jana nilijaribu. Nilimfuata yaya Salumu alipokuwa akirekebisha tairi, nikaanza kumweleza. Unajua ninavyoeleza. Alinisikiliza kidogo, akashika neno la katikati, akaniambia, "Zaina, mutoto anapata kazi, na weye unaleta mambo ya wafu." Jioni nikakuita wewe. Ukaniwekea mkono kichwani kama vile mimi ndiye mtoto, ukasema mama mdogo anaogopa mpaka panya. Ni kweli, panya nawaogopa. Lakini sijawahi kukalishwa chini nikaambiwa panya walimuua nani.

Tuanze na yale unayoyajua, ili unisadiki kwa yale usiyoyajua.

Babu alikuwa na swali alilopenda kutuuliza tukiwa njiani kwenda kazini. Mlango wa garaji, wanaume wanne hawauinui. Mwenye nyumba anauinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika funguo za gari. Ule uzito mwingine umekwenda wapi? Wewe ulikuwa ukijibu umekwenda sokoni, ili acheke. Hakuwahi kucheka kwa swali hilo. Alisema, "Umeingia ndani ya resori. Unangoja humo." Nilipokuwa mdogo nilidhani anasema hivyo ili tusichezeechezee vyombo vyake. Sasa naona alikuwa akitupa kitu kimoja tu cha kukishika, akijua mengine tutayasahau.

Ya kwanza uliyoizoea ni resori ya kuvuta. Inalala kando ya reli ya mlango, moja kila upande, na mlango ukishuka inarefuka, ukipanda inarudi kulegea. Unakumbuka depo la muuza saruji karibu na stesheni, siku ilipokatika mlango ukiwa chini. Hapakuwa na mtu. Ilitoboa bati la ukuta, ikavuka ua, tukaikuta kwa jirani katikati ya sombe, yale majani ya muhogo. Ulicheka ukasema imekwenda kuchuma mboga. Mimi pia nilicheka. Babu yeye alirudi pale ilipotokea, akaifuata njia yake polepole, mkono ameunyosha mbele, akasimama mbele ya kile kigoda ambacho binti wa muuza saruji hukaa akisukwa nywele. Kiganja chake kilikuwa usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Halafu akatutuma kununua waya wa breki ya baiskeli, akaupitisha ndani ya resori mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, ili siku nyingine ikikatika ibaki imeshikwa kama mbwa kwenye kamba. Tangu siku ile hakufunga resori ya kuvuta bila waya, na hakuigusa mlango ukiwa chini.

Kuna ile ya maduka, inayojificha ndani ya bomba la mlango wa kukunja. Hujawahi kuifungua, nami sijaifungua, na yeyote atakayekuambia ni ile ile tu, mwache afungue mwenyewe.

Wakati wa vita, resori mpya hazikufika Kindu kabisa. Treni haikutembea. Babu aliondoa resori zilizochoka akaning'iniza vyuma vya breki za mabehewa kwa kamba za chuma, chuma kinashuka, mlango unapanda. Watu walisema ni kazi mbaya, inapiga kelele kama kengele. Yeye aliipenda kuliko zote. Alisema uzito unaouona ukining'inia, ukitaka kuanguka utauona.

Halafu kuna resori ya kusokotwa. Hii ndiyo inayokungoja.

Umeifanya pamoja naye kwenye nyumba za watu wa reli, kwa hiyo nisikueleze kama mgeni. Chuma kirefu cha mviringo kimelala juu ya mlango, resori mbili zimevikwa juu yake kama mikono ya shati, na mwisho wa kila resori kuna kichwa chenye matundu manne. Unachomeka fimbo ya chuma ya kwanza ndani ya tundu, unaivuta robo ya mzunguko. Unachomeka ya pili kwenye tundu linalofuata, ya pili ikishika ndipo unatoa ya kwanza. Moja inashika, nyingine inazungusha. Kwenye milango ile ya reli ulifanya vizuri. Babu alisema una mkono uliotulia, na hakuwa mtu wa kusifu. Lakini zile zilikuwa resori ndogo, tulizifunga sisi, na yeye alikuwa amesimama nyuma yako akishika mkanda wa suruali yako ili akuvute. Hujawahi kulegeza resori iliyofungwa na mtu mwingine. Anayefunga anajua ameweka nini ndani. Anayefungua hajui.

Na ndiyo maana Babu alikuwa akichora ule mstari wa rangi nyeupe. Kabla ya kuzungusha, alipaka mstari mmoja ulionyooka kutoka mwisho hadi mwisho wa resori. Ikisokotwa, mstari nao unazunguka, unakuwa kama michirizi ya peremende. Ukihesabu michirizi unajua nguvu iliyomo, hata kama aliyeifunga yuko mbali, hata kama hayupo tena. Na ile ya kushoto alifunga kipande cha kitenge, kwa sababu ya kushoto na ya kulia zinasokotwa kinyume, na ukiwa na haraka zote mbili zinafanana.

Sasa nakuja kwenye siku ile.

Ilikuwa likizo ya mwaka nilipoingia darasa la mwisho la msingi. Tulikuwa kwenye garaji ya daktari, na wewe Babu alikuwa amekutuma kununua mikate. Nilikuwa chini ya ngazi nikimpa vyombo. Fimbo ya pili ilimponyoka, ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu. Ya kwanza alikuwa bado ameishika, resori imesokotwa nusu. Nilitaka kuwa mtoto mwepesi. Badala ya kuingia mtaroni nilichukua kipande cha nondo, kile chuma cha ndani ya zege, kilichokuwa kimelala pale ukutani, nikamnyoshea. Kilikuwa na unene karibu ule ule. Kingeingia ndani ya tundu.

Alikiangalia kile chuma. Sijawahi kuona mtu akiangalia chuma hivyo.

"Weka chini, mama," aliniambia, polepole sana. "Weka chini, rudi nyuma mpaka ukutani, halafu tafuta yangu."

Niliingia kwenye maji yale mpaka magotini, nikaipata, nikaipangusa kwa sketi yangu ya shule. Alimaliza kazi. Aliposhuka alichukua ile nondo, akaitupa ng'ambo ya ukuta, akakaa chini kwenye mchanga. Nikakaa naye. Wewe ulirudi na mikate ukatukuta hivyo, ukauliza kama tumeona shetani. Babu akakupa mkate mkubwa ili unyamaze. Yale aliyoniambia kabla hujafika ndiyo ninayokuandikia leo.

Unajua umepewa jina la nani. Amisi, mdogo wake Babu. Nyumbani tumeambiwa alikufa kwa vita, na sote tukajionea wenyewe risasi akilini, kwa sababu ndivyo watu walivyokufa. Babu hakusema uongo. Alikufa kwa vita. Ila hakupigwa risasi.

Walikuja kuwachukua wote wawili hapa hapa Kindu, watu wenye bunduki waliokuwa wameshika njia ya Kalima. Walitaka mafundi wa milango. Mkubwa wao alikuwa akiweka mawe ya bati ndani ya depo lile, na kila alipoogopa kushambuliwa alitaka gari liingie na kutoka haraka. Mlango ulikuwa mzito, resori moja imekatika, vijana wake watano wanasukuma. Babu na mdogo wake walitembea na wale watu mpaka Kalima, vyombo kichwani. Njiani, kwenye kivuko kimoja, askari mmoja aliichukua fimbo moja ya Babu kwa kuipenda tu, akaifanya bakora. Babu aliomba arudishiwe. Mdogo wake alimvuta shati, akamwambia aache, watatafuta nyingine mbele.

Walipofika, Babu alifungua resori kutoka mlango mwingine wa kampuni, akaipachika mahali pa ile iliyokatika. Haikuwa ndugu wa mwenzake. Ilikuwa nene zaidi. Alipaka mstari mweupe juu ya zote mbili, akafunga kitenge kwenye ile ya kushoto. Fimbo ya pili walitumia kipande cha nondo. Ya kushoto ikasokotwa kwa kiasi chake, ya kulia ikasokotwa kwa kiasi chake. Mlango ukapanda kwa mikono miwili. Babu alikuwa ameridhika. Mkubwa yule akaujaribu, akasema:

"Ongeza."

Babu alimweleza kwamba ukizidisha, mlango hautapanda, utaruka. Yule alisema anataka uruke. Wakaongeza ya kushoto. Akasema tena ongeza. Babu alikuwa upande wa kushoto na fimbo yake ya kweli, mdogo wake juu ya ngazi upande wa kulia na ile nondo mkononi, wakipokezana fimbo ile moja kupitia juu ya vichwa vya askari waliokuwa wakitazama na kutania. Amisi alikuwa mtu wa kupenda kutaniwa, alikuwa akiwajibu. Babu alisikia mlio mfupi, kama kuni mbichi motoni. Nondo ilikuwa imecheza ndani ya tundu. Ilitoka. Haikuhitaji mara ya pili, mwanangu. Ilimpata hapa, chini ya taya, akiwa bado na tabasamu ya yale aliyokuwa akijibu.

Babu aliniambia kwamba kwa muda kidogo alidhani askari wameogopa kama yeye. Kisha mkubwa yule akaangalia juu, si chini. Akaangalia resori ya kulia ambayo ilikuwa imelegea yote, akasema, "Iko mwingine wa kumalizia?" Hapakuwa na mwingine. Babu alimalizia. Alipanda ngazi ile ile, kwa fimbo ile moja na nondo ile ile baada ya kuipangusa, akaisokota resori ya kulia mpaka pale walipotaka, na kupita hapo. Hakuhesabu. Ndilo jambo aliloniambia mara mbili, kwamba maisha yake yote alihesabu, na siku ile hakuhesabu. Mlango ulipojaribiwa uliruka mpaka ukagonga mwisho wa reli. Mkubwa alifurahi. Wakaushusha wanaume wengi wakiukalia, wakapiga kufuli chini.

Wakampa Babu baiskeli ili amwondoe mdogo wake. Alimfunga juu yake kwa kitenge kilichobaki. Alimzika kando ya barabara kabla ya kufika mtoni, na kaburi lile hakuweza kulionyesha baadaye, majani yalikuwa yamechukua kila kitu.

Wale watu waliondoka Kalima. Wengine wakaja, wakaondoka. Yaliyokuwemo ndani yaliibiwa kupitia paa. Mtu fulani, siku fulani, akachomelea chuma juu ya kufuli. Na hakuna aliyeufungua mlango ule tangu hapo. Tafadhali soma tena sentensi hiyo, Amisi. Resori ya kusokotwa, mlango ukiwa chini, ndipo inapobeba nguvu yake yote. Mlango ule umekuwa chini tangu kabla sijazaliwa. Kila kitu walichokilazimisha kiingie ndani yake siku ile, ile "ongeza" ya kwanza na ile ya pili na zile ambazo Babu hakuzihesabu, bado kimo. Vita vimekwisha kwa watu. Pale juu havijakwisha, vimeshikwa na kutu na kile chuma walichochomelea.

Na yule mtu alisema nini juzi? Ile chuma tutakata siye wenyewe.

Hawatakuambia ungoje. Tajiri ana haraka, magari yake yatakuwa yamesimama, na watu watakuwa wamekuja kutazama, kama walivyotazama siku ile. Watakutania. Wewe nawe unapenda kutaniwa, unajibu. Jina si kitu, Bibi anasema ni baraka tu ya kumkumbuka mtu, nami nataka kumsadiki Bibi. Lakini tangu juzi kila nikifumba macho naona ngazi, na aliye juu yake hana sura ya mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo nakwambia namna Babu alivyoniambia angefanya kama angerudi. Alikuwa ameifikiria miaka yote. Hakuna mtu kukata chuma cha chini kabla mlango haujafungwa kwa pensi, yale makoleo ya kubana, juu ya reli, pande zote mbili, juu na chini, na mnyororo kupita kwenye vishikio. Hakuna mtu kusimama mbele ya mlango wala chini ya kile chuma cha juu. Kwanza uitazame michirizi ukiwa mbali, kwa tochi. Ikiwa inazunguka, resori ni nzima na imejaa. Ukiona mahali pamoja imeachana, imekatika, na mwenzake peke yake amebeba mzigo wa zote mbili, na huyo mwenzake ndiye mbaya zaidi. Ukikuta kutu imekula kichwa chenye matundu, usiiguse kabisa. Mwambie tajiri abomoe ukuta. Ukuta hauna kitu ndani yake.

Ngazi iwe pembeni, usilale juu yake kifua kikielekea resori. Legeza robo kwa robo. Ukisikia ule mlio wa kuni mbichi, achia, ruka, usijaribu kuokoa kazi. Kazi si ya kwako, shingo ni ya kwako.

Nimejaribu kukuandikia mambo mengine pia. Nilitaka kukuambia kwamba nimekaa kimya maisha yangu yote nikidhani ukimya haumdhuru mtu, kwamba aliye nyuma ya pazia hana kosa. Niliiona chai ikipoa na nikaiacha ipoe. Sasa sidhani hivyo tena. Babu naye alikaa kimya, akatuachia risasi ambayo haikuwepo, na kwa sababu ya risasi hiyo yaya Salumu anakutuma Kalima kwa furaha. Hakufanya kwa ubaya. Nadhani hakuweza kulisema mbele ya Bibi. Aliniambia mimi kwa sababu nilikuwa nimeishika nondo, na pengine kwa sababu alijua sitamwambia mtu.

Amekosea hapo.

Baada ya vita, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kumpelekea mhunzi wa reli kipande cha chuma cha behewa amchongee fimbo ya pili. Unazijua zote mbili, moja nyeupe kwa kushikwa, nyingine nyeusi. Hakuziacha zitengane. Alizilaza pamoja ndani ya kitenge kile alichomfungia mdogo wake, na alipotutoka aliniachia mimi, ukakasirika siku nzima ukasema zinanifaa nini, nitakorogea ugali?

Leo asubuhi ulinipa sakoshi yako, ule mkoba wa vyombo, niipange, ukanikumbusha fimbo mara mbili. Kesho ukiiinua utaiona nyepesi. Sikuzisahau. Nimeiweka barua hii mahali pa fimbo.

Kwanza nilifikiri nikupe moja nibaki na moja. Nikaona hapana, ndivyo ilivyokuwa siku ile, mtu na fimbo moja, na nondo zimejaa kila mahali, Kalima wanajenga. Ungetafuta ya pili. Kwa hiyo zote mbili ziko kwangu, na pensi za kubana ziko kwangu. Wewe nenda na pikipiki ya yule mtu, maana ina nafasi moja nyuma. Mimi nitapanda gari la kwanza la mizigo litakalovushwa. Kabla ya hapo lazima niingie sebuleni, nikae mbele ya yaya Salumu na Bibi, niyaseme haya yote kwa mdomo wangu, kwa sauti wanayoweza kuisikia. Hilo ni gumu kwangu kuliko resori.

Watakuuliza Kalima kwa nini hujaanza. Wataleta nondo, wataleta bomba, watakuambia fundi wa kweli hakosi la kufanya. Wajibu kwamba unamngoja mama mdogo wako, yeye ndiye mwenye fimbo. Watacheka sana. Waache wacheke, kaa upande wa ofisi ya zamani, mbali na ule mlango, na usiwajibu.

Moja inashika, nyingine inazungusha. Safari hii anayeshika nitakuwa mimi. Uningoje, Amisi. Hata nikichelewa, hata barabara ikikatika, hata wakianza kukata kile chuma mbele ya macho yako. Ondoka pale, uningoje.

Mama mdogo wako,
Zaina